Ole Kirk Christiansen: Seremala wa kijijini aliyeanzisha Lego

Mwenye king'amuzi na watoto nyumbani ameshaziona zile katuni ambazo kila kitu ndani yake kimejengwa kwa vitofali vya plastiki: nyumba, magari, mawimbi ya bahari, hata watu wenyewe, wenye uso wa njano na mikono kama koleo. Hizo ni katuni za Lego. Swali linalotujia mara kwa mara kwa ujumbe wa simu, baada ya kipindi cha watoto, ni nani hasa aliyeanzisha kitu hicho. Wengi hudhani ni Mmarekani, kwa sababu filamu yake kubwa imetoka Hollywood.

Si Mmarekani. Alikuwa seremala wa kijijini huko Denmark, nchi ndogo ya kaskazini mwa Ulaya, na alifariki miaka 56 kabla filamu hiyo haijaingia kwenye majumba ya sinema. Jina lake ni Ole Kirk Christiansen.

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kukishika kitofali chenyewe: ni kipande kidogo cha plastiki ngumu, kile cha kawaida kina urefu wa sentimita 3 na kidogo. Juu kina vinundu vinane, chini kiko wazi na ndani yake kuna vimrija. Ukikibandika juu ya kingine vinashikana, na mtoto anaweza kuvibandua kwa mkono wake mwenyewe bila kuvunja kitu. Hakuna gundi wala msumari. Hilo la gundi lishike, tutalirudia.

Mtoto wa kumi

Ole Kirk alizaliwa tarehe 7 Aprili 1891 karibu na Filskov, katika rasi ya Jutland. Udongo wa huko ni wa kichanga na watu wake wengi walikuwa maskini. Alikuwa mtoto wa kumi nyumbani kwao. Alichunga mifugo akiwa mdogo, na alipofika miaka 14 akapelekwa kujifunza useremala kwa kaka yake. Alipokuwa fundi kamili alikwenda kutafuta kazi Ujerumani na Norwei. Huko Norwei akampata mchumba, Hansine, wakafunga ndoa mwaka 1916. Mwaka huohuo alitumia akiba yake kununua karakana ya useremala katika kijiji cha Billund.

Billund wakati huo ilikuwa nyumba chache kandokando ya njia ya reli. Ole Kirk alijenga nyumba na mabanda ya wakulima wa jirani, na wakati wa baridi, ujenzi uliposimama, alitengeneza samani. Wakapata watoto wanne, wote wa kiume.

Jumapili moja ya mwaka 1924, wakubwa wakiwa wamepumzika, watoto wake wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa minne, waliingia karakana na kuwasha moto. Maranda ya mbao yakashika. Karakana iliteketea na nyumba ya familia nayo ikateketea. Aliye na karakana anajua maranda makavu yanavyowaka, huwahi hata kuchota maji.

Ole Kirk alijenga upya, na akajenga kubwa kuliko ya kwanza, kubwa kuliko mfuko wake. Ilimbidi apangishe sehemu ya jengo ili alipe deni. Yule mtoto wa miaka minne aliitwa Godtfred. Mshike na yeye.

Wakulima walipokosa fedha

Pigo lililofuata lilitoka mbali. Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka na mtikisiko ukaenea duniani. Denmark ilikuwa ikiishi kwa kuuza siagi na nyama ya nguruwe nje, hasa Uingereza na Ujerumani. Bei zilipoporomoka, mkulima wa Jutland hakuwa tena na fedha ya kujenga banda, na seremala wake akakosa kazi. Kwa wasikilizaji wetu wanaoishi kwa korosho, pamba au kahawa, hili halihitaji maelezo marefu. Bei ya zao ikianguka, anayelia wa pili ni fundi.

Ole Kirk alipunguza wafanyakazi mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1932 akaanza kutengeneza vitu vidogo ambavyo huenda mtu angeweza kuvinunua hata katika shida: ngazi, meza za kupigia pasi, na vitu vya watoto kuchezea vya mbao, kama magari, wanyama na treni. Mwaka huohuo Hansine akafariki. Ole Kirk akabaki na watoto wanne, wa mwisho akiwa na umri wa miaka sita, na karakana inayodaiwa.

Mfanyabiashara mmoja wa jumla alipita, akavipenda vile vitu vya watoto, akaagiza mzigo mkubwa kwa ajili ya Krismasi. Kabla hajauchukua akafilisika. Mzigo ukabaki karakana. Ole Kirk akautembeza mwenyewe dukani na nyumba kwa nyumba, na wengine, kwa kukosa fedha, walimlipa kwa vyakula. Ndugu zake walimdhamini apate mkopo, lakini hawakuficha kwamba waliona ni aibu kwa fundi mzima kukaa anachonga vitu vya watoto wakati nyumba yake inayumba.

Kwa nini hakuacha? Alikuwa mtu wa dini sana, wa kundi la Kilutheri lililokuwa na nguvu katika vijiji vya huko, na aliamini kazi aliyopewa haina haki ya kuitupa. Lakini nadhani kuna sababu nyingine iliyo wazi zaidi: alifurahia kuvitengeneza. Mtu aliyetazama gari la mbao kwa makini namna ile hakuwa anaganga njaa tu.

Alikuwa pia mjanja wa kutumia mabaki. Kulizuka wakati huo wazimu wa yo-yo, lile gurudumu dogo linalopanda na kushuka kwenye uzi. Akatengeneza nyingi, mara watoto wakaichoka na mzigo ukamdodea. Akazikata katikati na kuzifanya magurudumu ya magari ya mbao.

Katikati ya miaka ya 1930 alitafuta jina la biashara. Aliwashindanisha wafanyakazi wake, zawadi ikiwa chupa ya divai aliyoitengeneza mwenyewe nyumbani. Mshindi akawa yeye. Alichukua maneno mawili ya Kidenmark, leg godt, yenye maana ya kucheza vizuri, akayaunganisha: Lego. Hakuna anayesimulia kama divai aliinywa peke yake.

Kisa cha bata

Godtfred alianza kufanya kazi karakana akiwa na miaka 12. Siku moja alipeleka kituo cha reli makasha ya bata wa mbao, akarudi nyumbani akichekelea. Akamweleza baba kwamba ameokoa fedha: badala ya kuwapaka bata vanishi mara tatu kama ilivyokuwa desturi, amewapaka mara mbili tu, na hakuna mteja atakayegundua. Baba hakucheka. Alimrudisha kituoni kuchukua makasha yote, ayafungue, awapake bata mkono wa tatu, ayafunge na kuyarudisha, peke yake, hata kama kazi hiyo ingemchukua usiku kucha. Na Godtfred akafanya.

Kisa hiki kinasimuliwa na kampuni yenyewe hadi leo. Mwaka 2012, ilipotimiza miaka 80, ilitengeneza filamu fupi ya katuni kuhusu maisha ya Ole Kirk na bata hao wamo. Bila shaka kampuni hupenda kusimulia visa vinavyoisifu. Ila tukumbuke kwamba msimuliaji wa kwanza wa kisa hiki ni yule yule aliyekosea, Godtfred, alipokuwa mtu mzima.

Plastiki

Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia na kuikalia Denmark. Mwaka 1942 kiwanda kiliungua tena, na safari hii michoro na mifano ya vitu vyote viliteketea. Ole Kirk alikuwa amekaribia kukata tamaa, lakini alikuwa na wafanyakazi waliomtegemea, na akajenga tena.

Baada ya vita akafanya jambo ambalo si wote nyumbani walilifurahia. Mwaka 1946 aliagiza kutoka Uingereza mashine ya kuyeyusha plastiki na kuimimina kwenye kalibu, kwa bei ya krone 30,000. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini mwake kufanya hivyo. Seremala wa miaka 55, aliyeishi na mbao tangu utotoni, anakopa kununua mashine ya plastiki. Jarida la wafanyabiashara wa vitu vya watoto liliandika baadaye kwamba plastiki haitachukua nafasi ya mbao kamwe.

Hapa kuna jambo ambalo halipaswi kurukwa. Kitofali chenyewe hakukibuni Ole Kirk. Mwingereza aitwaye Hilary Fisher Page, mwenye kampuni ya Kiddicraft, alikuwa ameshatengeneza vitofali vya plastiki vinavyoshikana, na vipande vya vitofali hivyo vilimfikia Ole Kirk na mwanawe. Waliviangalia, wakavibadilisha kidogo, na mwaka 1949 wakaanza kuuza vya kwao. Page alifariki mwaka 1957 bila kupata chochote kutoka Billund. Mwaka 1981 ndipo kampuni ya Lego ilinunua haki zilizobaki za vitofali vya Kiddicraft. Mtu mkali kwa mkono wa tatu wa vanishi kwenye bata angeweza kuulizwa swali hapa, na mimi sioni jibu zuri la kumjibia.

Vitofali hivyo vya kwanza havikuuzika sana. Ndani vilikuwa vitupu, kwa hiyo havikushikana sawasawa, nyumba ya mtoto iliyumba ikaanguka. Ole Kirk alianza kuugua, na kazi nyingi zikawa mikononi mwa Godtfred. Mwaka 1954, ndani ya meli ya kwenda Uingereza, Godtfred alizungumza na mnunuzi wa duka kubwa la Copenhagen, aliyelalamika kwamba vitu vya watoto havina mpangilio wowote, kila kimoja kiko peke yake. Godtfred akarudi na wazo kwamba kila kitofali kitakachotengenezwa lazima kishikane na vingine vyote, vya leo na vya kesho.

Kilichobaki ni kuyumba. Dawa yake ilikuwa vile vimrija vya ndani, vinavyovibana vinundu vya kitofali cha chini kutoka pande kadhaa. Ombi la hatimiliki liliwasilishwa Copenhagen tarehe 28 Januari 1958, saa 7 na dakika 58 mchana. Vitofali sita vya vinundu vinane vya rangi moja vinaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765, na kitofali cha mwaka huo bado kinashikana na kilichotoka kiwandani wiki hii.

Ole Kirk alifariki tarehe 11 Machi 1958, wiki sita baada ya ombi hilo. Mwaka 1960 ghala la vitu vya mbao liliungua, na Godtfred akaamua mbao basi.

Baada yake

Vile vivulana na visichana vya mikono ya koleo vilikuja mwaka 1978. Filamu zilikuja baadaye zaidi, na nyingi zilikuwa na lengo lililo wazi: kuuza bidhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ilitapanya fedha kwenye mambo mengi mno na mwaka 2004 ilikuwa inachungulia shimo. Baada ya kujinusuru ikaja katuni ya televisheni ya Ninjago mwaka 2011, kisha mwaka 2014 ile filamu kubwa iliyotengenezwa na Warner Bros, The Lego Movie, iliyoingiza zaidi ya dola milioni 460 duniani.

Ndani ya filamu hiyo adui ni tajiri anayetaka kugandisha kila kitu kwa gundi ili mtu yeyote asibadilishe chochote. Mwishoni tunagundua kwamba yote ni mchezo wa mtoto kwenye chumba cha chini ya nyumba, na tajiri yule ni baba yake, aliyejenga mji wa vitofali na kumkataza mwanawe kuugusa. Ni tangazo la dakika 100, sikatai. Lakini ni tangazo lililoandikwa na watu wenye akili.

Seti za Lego ni ghali, na katika maduka mengi ya wilayani hutazikuta. Kilichofika kwetu ni kingine: mwaka 2019 mfuko wa hisani wa kampuni hiyo ulitoa dola milioni 100 kwa mpango wa PlayMatters, unaofundisha walimu kutumia michezo darasani kwa watoto wakimbizi na jamii zinazowapokea. Ulianza Uganda na Ethiopia, kisha ukaingia Tanzania.

Nyumba aliyoijenga Ole Kirk baada ya moto wa 1924 bado imesimama Billund, na sanamu mbili za simba mlangoni. Leo ni sehemu ya makumbusho ya kampuni, na kampuni yenyewe ingali mikononi mwa ukoo wake.