Tumkumbuke Phil Ochs

Katika historia ya nyimbo za wanyonge wa dunia liko jina moja ambalo wananchi wetu wengi hawalijui, ingawa mwenye jina hilo aliwahi kuikanyaga ardhi ya Tanzania, aliwahi kuimba kwa Kiswahili, na ni katika mji wetu wa Dar es Salaam alikopatwa na dhara ambalo hakupona mpaka kufa kwake. Jina hilo ni Phil Ochs, mwimbaji na mtunzi wa Kimarekani, aliyefariki dunia tarehe 9 Aprili, 1976, akiwa na umri wa miaka 35 tu. Tunapenda leo kuwasimulia wanachama na wafanyakazi maisha ya mtu huyu. Hatusemi kwamba alikuwa mkamilifu, la hasha. Lakini maisha yake yana somo kwa kila chama na kila umoja wa wafanyakazi wenye watu wanaojitolea kwa ajili ya wenzao.

Phil Ochs alizaliwa El Paso, katika jimbo la Texas, tarehe 19 Desemba, 1940. Mama yake alikuwa Mskoti. Baba yake alikuwa daktari, mwenyeji wa New York. Wakati wa Vita Kuu ya Pili baba huyo aliingizwa jeshini, akapelekwa Ulaya kuwatibu majeruhi, na aliporudi nyumbani mwili wake ulikuwa mzima lakini nafsi yake imejeruhiwa. Alishikwa na ule ugonjwa wa akili ambao mara humpandisha mtu juu kwa furaha na nguvu zisizo na kiasi, na mara humtumbukiza katika majonzi yasiyo na sababu. Hakuweza tena kutulia katika kazi yake. Alihama kutoka hospitali moja hadi nyingine, na jamaa yake nyuma yake, mara jimbo la New York, mara jimbo la Ohio. Mtoto akakua katika nyumba ambayo baba yumo lakini hayumo. Tumelitaja jambo hili mapema kwa kuwa litarudi.

Kijana huyu alianza na klarineti, akaipiga kwa ustadi mkubwa hata kabla ya kutimiza miaka 16 alikuwa ndiye mpigaji wa mbele katika kikundi cha chuo cha muziki mjini Columbus. Baada ya kusoma katika shule moja ya kijeshi alijiunga na Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, akachagua kujifunza uandishi wa habari. Huko alipata rafiki aliyemfundisha nyimbo za Woody Guthrie na Pete Seeger, waimbaji wakubwa wa wafanyakazi wa Marekani. Mwaka 1960 marafiki hao wawili waliwekeana sharti juu ya uchaguzi wa Rais. Ochs alisema Kennedy atashinda, Kennedy akashinda, na rafiki akamlipa gitaa lake. Tangu siku hiyo kalamu na gitaa vikawa kitu kimoja. Alipokosa kupewa uhariri mkuu wa gazeti la wanafunzi, alikiacha chuo bila shahada, na mwaka 1962 akaenda New York kutafuta riziki katika vilabu vidogo vya waimbaji.

Hapo ndipo tunapomwona Ochs katika ubora wake. Yeye alijihesabu kuwa mwandishi wa habari aimbaye. Alisoma magazeti kila siku, akachukua habari za migomo, za mauaji na za vita, akazigeuza nyimbo ambazo mtu yeyote aliweza kuzishika. Hata jina la sahani yake ndefu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1964, lilikuwa utani juu ya maneno maarufu yachapwayo katika ukurasa wa mbele wa gazeti kubwa la mji ule.

Tena hakuwa mtu wa kuimba mambo ya mbali huku amekaa kitako mjini. Wachimba makaa ya mawe wa Hazard, katika jimbo la Kentucky, walipogoma, alitunga nyimbo juu ya shida yao. Mwaka 1964, vijana wa Marekani walipokwenda Mississippi kuwasaidia watu weusi wajiandikishe kupiga kura, na watatu miongoni mwao wakauawa, Ochs alikuwa mmoja wa waimbaji waliokwenda huko huko kwenye hatari. Na alipowaimbia wafanyakazi hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Katika wimbo mmoja wa mwaka 1965 aliviambia wazi vyama vya wafanyakazi vya nchi yake kwamba, kwa kuwafungia mlango wafanyakazi weusi, vilikuwa vinakata pingili za mnyororo wao wenyewe. Huo ndio urafiki wa kweli, kwani asifuye kila kitu hana alichokipenda.

Mwaka huo huo wa 1965 Marekani ilipeleka majeshi mengi Vietnam. Ochs akatoa wimbo wa askari aliyechoka kupigana vita vya wakubwa, na wimbo huo ukaimbwa katika maandamano ya kupinga vita nchi nzima. Januari, 1966, aliimba peke yake katika ukumbi mashuhuri wa Carnegie Hall. Sifa zake zilipanda, lakini fedha hazikumfuata kwa kadiri hiyo, kwa maana kila kilipofanyika kikao cha kuchangia wafungwa, wagomaji au wapinga vita, yeye alikuwa tayari kuja na gitaa lake.

Ukaja mwaka 1968. Aprili aliuawa Martin Luther King; Juni aliuawa Robert Kennedy; Agosti, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, polisi waliwapiga virungu vijana wapinga vita mbele ya kamera za televisheni. Ochs alikuwapo Chicago, akakamatwa pamoja na wenzake walipomleta nguruwe hadharani na kumtangaza kuwa ndiye wanayemtaka awe Rais. Mzaha ule uliisha kwa damu, na moyo wake ukavunjika. Mwaka uliofuata alitoa sahani ambayo jalada lake lilikuwa na picha ya jiwe la kaburi lenye jina lake mwenyewe, likieleza kuwa alikufa Chicago mwaka 1968. Watu waliona ni ubunifu. Sisi tuangaliao nyuma tunaona kuwa mtu alikuwa akiomba msaada kwa lugha pekee aliyoijua.

Baada ya hapo nyimbo zilianza kumkauka. Mwaka 1970 alipanda jukwaani amevaa suti ya dhahabu kama Elvis Presley, kwa fikra kwamba wafanyakazi wa Marekani watavutwa na mapinduzi endapo mapinduzi yatavaa nguo wanazozipenda. Baadhi ya wasikilizaji wakamzomea. Akaanza kusafiri. Mwaka 1971 alikwenda Chile kuona serikali ya Salvador Allende, akafanya urafiki na Víctor Jara, mwimbaji wa wanyonge wa nchi ile.

Mwaka 1973 alikuja Afrika, akapita Ethiopia, Kenya, Tanzania, Malawi na Afrika Kusini. Nairobi alirekodi nyimbo mbili pamoja na bendi ya rumba ya huko, mmoja kwa Kilingala na mmoja kwa Kiswahili, wakati ambapo waimbaji wa Kimarekani wenye wazo kama hilo walikuwa haba sana. Lakini Dar es Salaam, mji uliokuwa kimbilio la wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, usiku mmoja wanyang'anyi walimvamia na kumpiga kabali. Aliponea chupuchupu, koo lake likaumia, na sauti tatu za juu kabisa alizozimudu zikapotea, zisirudi tena. Mwimbaji aliyezunguka dunia akiwatafuta wanyonge wenzake alinyang'anywa sauti yake na wahuni wasiomjua, waliotaka vilivyomo mfukoni tu. Ni aibu kwa mji uliojulikana kwa kuwapokea wageni, na hatuna haja ya kuificha.

Ochs mwenyewe aliamini kuwa huenda shambulio lile lilipangwa na makachero wa serikali yake. Ushahidi wa jambo hilo haukupatikana, na yafaa tuseme hivyo. Lakini ni kweli pia kwamba idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, ilimfuatia kwa miaka mingi na kumwekea faili lenye kurasa karibu 500. Hapa pana fundo gumu la maisha yake. Mtu huyu alikuwa akifuatwa kweli, na wakati uo huo alikuwa mgonjwa kweli. Rafiki zake, kwa kuwa walijua kuwa hofu yake ina msingi, walichelewa kutambua mahali ambapo msingi uliisha na maradhi yakaanza.

Septemba 11, 1973, majeshi yaliipindua serikali ya Chile. Allende akafa siku hiyo, na Víctor Jara akauawa siku chache baadaye. Ochs, japo sauti imeharibika na pombe imemshika, alijikusanya akaandaa onyesho kubwa New York tarehe 9 Mei, 1974, kwa ajili ya watu wa Chile, akawaleta jukwaani Bob Dylan na Pete Seeger. Na vita vya Vietnam vilipokwisha, tarehe 11 Mei, 1975, watu wapatao 100,000 walikusanyika katika bustani ya Central Park kusherehekea, naye alikuwa miongoni mwa waandaaji. Umati ulishangilia, ukatawanyika, kila mmoja akaenda kwake.

Miezi iliyofuata alianguka vibaya. Alijiita kwa jina jingine na kudai kuwa Phil Ochs amekwisha kuuawa. Alitembea na silaha, aligombana na rafiki, alilala barabarani. Januari, 1976, dada yake alimpokea nyumbani kwake Far Rockaway, akiwa ametulia lakini hana tena hamu ya kitu. Waganga waliutambua ugonjwa wake kuwa ule ule uliomtesa baba yake. Ulikuwa umetambuliwa kwa kuchelewa mno, na mwezi Aprili alijitoa uhai. Baadaye mwezi huo huo Bella Abzug, mbunge wa New York, aliingiza sifa zake katika kumbukumbu za Bunge la nchi ile ambayo makachero wake walimwandika kuwa mtu wa hatari.

Ndugu wasomaji, Waswahili wamesema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini Phil Ochs hakuyaficha maradhi yake. Aliyachora hata juu ya jalada la sahani. Walioyaficha ni wale waliodhani kuwa mtu hodari wa jukwaani hawezi kuwa mgonjwa, na wale waliomwona mgonjwa wakasema amelewa, amekata tamaa, ameisaliti njia. Je, sisi hatufanyi hivyo? Malaria ikimshika mwenzetu kiwandani tunamchangia nauli ya hospitali. Akili ikimshika tunamcheka, na jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyowaponya maelfu, tunaligeuza tusi la kutaniana vijiweni.

Kila tawi la chama lina mtu wake wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, anayetunga nyimbo za mkutano, anayechangisha, anayezungumza kwa niaba ya wasioweza kuzungumza. Siku moja mtu huyo hunyamaza. Huacha kuja, au huja amelewa, au husema maneno yasiyoeleweka. Siku hiyo ndiyo siku ya umoja kuonyesha kazi yake. Viongozi na wafanyakazi wenzake wamwendee nyumbani, wakae naye, wamsindikize kwa daktari, na wamlindie kazi yake mpaka apone. Chama kinachojua kupiga makofi tu, kisijue kuuguza, kitabaki na nyimbo nzuri za watu waliokwisha kufa.