Max von Stephanitz: Kapteni Aliyemtafutia Mbwa Kazi

Ukipita mitaa ya jirani na chuo, kwenye mageti ya wenye uwezo, utakuta maandishi yale yale: mbwa mkali. Pembeni mara nyingi kimechorwa kichwa cha mbwa mmoja, masikio yamesimama, pua ndefu, ulimi nje. Sisi tunamwita mbwa wa polisi. Wajerumani wanamwita mbwa wa wachungaji. Wazee wetu waliokulia enzi za Mwingereza, baadhi yao mpaka leo wanamwita Alsatian. Wanavyuo wenzangu, mbwa huyo hakushuka tu kutoka mbinguni na umbo lile. Kuna mtu alikaa chini akamtengeneza. Likizo iliyopita nilisoma sana habari za mtu huyo, na nimeona niziandike hapa kwa sababu zina somo ambalo bango la getini halilisemi: mbwa wa ulinzi hapimwi kwa ukali wake.

Jina lake ni Max von Stephanitz. Alizaliwa Dresden, Ujerumani, tarehe 30 Desemba 1864, katika familia ya tabaka la juu. Akaingia jeshini, kwenye kikosi cha wapanda farasi, akapanda hadi kuwa kapteni. Kwa kipindi fulani jeshi lilimpeleka kwenye chuo cha mifugo cha Berlin, na huko ndiko alikopata elimu ya viungo vya wanyama, mwendo wao na urithi wao. Wengi wetu hapa tunasoma kozi moja na kuishia kufanya kazi nyingine kabisa, kwa hiyo hili halitatushangaza: elimu ya farasi aliihamishia kwa mbwa.

Sasa, kwa nini mbwa, na kwa nini wa wachungaji? Hapa sisi tuliokua tukisikia ugomvi wa wakulima na wafugaji tutaelewa haraka kuliko Mzungu wa mjini. Kule Ujerumani mashamba mengi hayakuwa na uzio. Kondoo walichungwa kwenye kipande cha majani, na hatua moja tu pembeni yake ni ngano ya mtu. Kazi ya mbwa ilikuwa kuwa uzio unaotembea. Alikimbia mpakani, kwenda na kurudi, kutwa nzima, kondoo asivuke. Akitokea mmoja mkaidi, mbwa alimkamata kwa mdomo, akamshika barabara bila kumchana, kisha akamwachia mara moja na kurudi kwenye mstari wake. Mbwa aliyejeruhi kondoo alimtia mchungaji hasara, na mbwa mwoga alimletea ugomvi na mwenye shamba. Wote wawili hawakufaa.

Nasema tuishike picha hiyo, maana ndiyo mzizi wa kila kitu kilichofuata. Kushika kwa nguvu, kutojeruhi bila sababu, kuachia kwa wakati. Stephanitz aliwaona mbwa wa namna hiyo kazini, akawapenda. Tatizo lilikuwa kwamba kila mkoa ulikuwa na wa kwake: huku wana masikio yaliyosimama, kule wana manyoya marefu, kwingine wana mkia uliojikunja. Hawakuwa na jina moja wala kitabu cha nasaba. Chama kimoja kilichoitwa Phylax kilikuwa kimejaribu kuwakusanya kuanzia 1891, lakini kufikia 1894 kilikuwa kimekwisha. Wanachama walishindwa kukubaliana: mbwa atafutwe kwa uzuri au kwa kazi?

Tarehe 3 Aprili 1899 Stephanitz alikwenda kwenye maonyesho ya mbwa Karlsruhe. Pale alimwona dume mmoja mwenye umbo kama la mbwa mwitu wa Ulaya, umri wake miaka minne, jina lake Hektor Linksrhein.  Alikuwa na mwili mkavu, wenye nguvu. Stephanitz akamnunua, akambadilisha jina akawa Horand von Grafrath, kwa kufuata jina la makazi yake kule Bavaria. Siku 19 baadaye, tarehe 22 Aprili 1899, yeye na wenzake, akiwemo rafiki yake Arthur Meyer, wakaanzisha chama cha mbwa wa wachungaji wa Kijerumani, kinachojulikana kwa kifupi kama SV. Stephanitz akawa rais wake. Horand akaandikwa katika kitabu cha nasaba, namba moja.

Kwa kweli hapo pana jambo la kuwaachia wenzetu wa sayansi za mifugo walijadili. Stephanitz alimtumia sana Horand na uzao wake. Mwanawe, Hektor von Schwaben, alichaguliwa bingwa mwaka 1900 na tena 1901, na wajukuu wakapandishwa kwa jamaa zao wa karibu ili sifa zile zishike. Zilishika kweli. Lakini ukoo unaojengwa juu ya mababu wachache hubeba pia magonjwa ya mababu hao, na jamaa alijua kwamba damu mpya inahitajika, ndiyo maana aliruhusu pia mbwa wa koo nyingine za wachungaji.

Kisha ikaja shida ambayo hakuna kitabu cha nasaba kingeitatua. Ujerumani ilikuwa inajaa viwanda na reli, na mashamba ya malisho yanapungua. Mbwa uliyemzalisha kwa ajili ya kondoo utampeleka wapi kondoo wakipungua? Wapo walioridhika kumfanya pambo: achanwe manyoya, atembezwe uwanjani, apewe kikombe. Stephanitz alikataa kabisa. Kwake uzuri wa mbwa ulikuwa ni kule kufaa kwake kazini, na mbwa asiye na kazi angeharibika akili kwanza, mwili baadaye. Kwa hiyo akageuka mtafuta ajira. Aliwafuata wakuu wa polisi na wa jeshi kuwashawishi wajaribu mbwa wake. Wakati wenyewe ulimsaidia: mwaka ule ule wa 1899 polisi wa mji wa Ghent, Ubelgiji, walianza kutumia mbwa kwenye doria za usiku, na miji ya Ujerumani ikavutiwa.

Lakini utamjuaje mbwa anayefaa? Hapo ndipo kilipozaliwa kipimo ambacho leo ni mchezo wa mashindano katika nchi nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 chama kilianza kutunga mitihani ya mbwa wa kazi, na ikakua hadi ikaitwa Schutzhund, yaani mbwa wa ulinzi. Siku hizi mashindano ya kimataifa yanaitwa IGP, ila mifupa ni ile ile. Sehemu ni tatu, kila moja alama 100, jumla 300. Ya kwanza ni kufuata nyayo: mtu anatembea shambani na kuangusha vitu vidogo, halafu mbwa anafuata harufu ile hatua kwa hatua, pua chini, na kuonyesha kila kitu kilipo. Ya pili ni utii: kutembea pembeni ya mguu wa bwana wake, kulala, kuruka kizuizi, kuleta kitu, yote kwa amri moja, hata risasi ya baridi ikipigwa. Ya tatu ni ulinzi.

Hiyo ya tatu ndiyo inayowavuta watazamaji, na ndiyo inayoeleweka vibaya. Msaidizi anajificha nyuma ya moja ya vibanda sita uwanjani, mkononi amevaa kinga nene. Mbwa anatumwa avizungukie vibanda. Akimkuta yule mtu amesimama kimya, haruhusiwi kumgusa. Anatakiwa asimame mbele yake abweke, amzuie, angoje. Mtu akikimbia au akishambulia, hapo mbwa anauma, tena kwa mdomo wote, kwenye kinga, bila kutafunatafuna. Mtu akitulia, bwana wa mbwa anatoa amri moja ya kuachia. Mbwa asiyeachia hata akirudiwa amri anatolewa mashindanoni, hata kama alama zake za mwanzo zilikuwa za kupigiwa makofi. Kabla ya yote hayo kuna mtihani mwingine wa kumwona mbwa mtaani, kati ya watu, baiskeli na magari. Akiwa na hofu au hasira zisizo na sababu, safari yake inaishia pale.

Mnaona? Ni kondoo na ngano upya. Shika, usijeruhi bila sababu, achia. Mbwa anayerukia kila mpita njia si mlinzi. Mara nyingi ni mwoga aliyejifunza kwamba kelele inawafukuza watu. Stephanitz alisisitiza pia kwamba mbwa wa kazi akulie karibu na binadamu, si kufungiwa bandani mwezi baada ya mwezi, kwa sababu mnyama asiyewajua watu hawezi kutofautisha mwizi na mgeni. Nawafikiria wenzetu wa magheto wanaonunua mbwa, wakamfunga mnyororo mchana kutwa na kumchokoza kwa fimbo eti awe mkali. Kwa kipimo cha kapteni huyu, wanajitengenezea hatari na kuilipia chakula.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimpa mbwa wake ajira kubwa kuliko alivyoota. Maelfu yao walipeleka ujumbe, walilinda na walitafuta majeruhi. Askari wengi walirudi vipofu, na mwaka 1916 shule ya mbwa wa kuwaongoza vipofu ikafunguliwa Oldenburg. Mbwa yule yule anayeweza kumwangusha mwizi akafundishwa kumvusha mtu barabara. Kwangu mimi hiyo ndiyo fahari kubwa ya maisha ya Stephanitz. Baada ya vita mbwa huyu akapendwa mno, watu wakazalisha kwa fujo ili wauze, na mbwa wakawa warefu wa miguu na wenye tabia mbovu. Mzee akakaza kamba: ukaguzi wa kila mbwa kabla hajaruhusiwa kuzaa, na mwaka 1925 taji la bingwa akapewa Klodo von Boxberg, mbwa mfupi na mrefu wa mgongo, ili wafugaji wote waone njia imegeuzwa.

Nisimpake mafuta, maana hakuwa malaika. Aliongoza chama kijeshi, na neno lake lilikuwa la mwisho. Zaidi ya hapo, kitabu chake kikubwa juu ya mbwa hawa kina mawazo ya kibaguzi ya zama zake, ya kuwaweka watu kwenye mizani ya damu jinsi alivyowaweka mbwa. Basi wakaja waliolichukua wazo hilo wakalifikisha mwisho wake. Wanazi waliposhika nchi mwaka 1933 walitaka kila chama kiwe chini yao, hata cha mbwa. Stephanitz, aliyekuwa amekiongoza kwa miaka 36, alizidiwa na shinikizo akaachia uongozi mwaka 1935. Alifariki Dresden tarehe 22 Aprili 1936, siku ile ile chama kilipotimiza miaka 37.

Hakuona yaliyofuata. Hakuwaona mbwa wa aina yake wakilinda kambi ambamo Wanazi waliwaangamiza watu. Hakuwaona mwaka 1963 kule Birmingham, Alabama, polisi walipowaachia mbwa waandamanaji Weusi, wengi wao vijana wa umri wetu na wadogo zaidi. Hakuwaona Afrika Kusini, mikononi mwa polisi wa makaburu. Mbwa wale hawakuwa wameharibika. Walikuwa wamefundishwa vizuri sana, wanashika kwa amri na kuachia kwa amri. Kilichokosekana ni mtu mwenye kamba kutoa amri ya kuachia.

Nimekaa na jambo hilo kwa muda. Stephanitz alitumia maisha yake kujenga mtihani wa kumpima mbwa: ana ujasiri, ana utii, anajizuia? Ni mtihani mzuri, na kila anayetaka mbwa wa ulinzi angefanya vizuri kuufahamu kabla ya kwenda kununua. Ila aliyeshika kamba hakumtungia mtihani wowote. Alidhani afisa, kwa kuwa ni afisa, atajua lini aache. Wengi wetu humu tutatoka na digrii tuwe wakuu wa vituo, wakuu wa wilaya, mameneja, wenye walinzi chini yetu na watu wa kutii amri zetu. Mtihani huo wa pili bado haujatungwa kokote, na sioni nani mwingine wa kuutunga kama si sisi wenyewe, tena tukiwa bado hapa chuoni.