Emil Fischer, mkemia aliyeunganisha proteini kipande kwa kipande

Kwenye kiwanda cha Luilu, Kolwezi, shaba inayeyushwa kwa asidi ya sulfuri na kutoa maji ya bluu: sulfati ya shaba. Ukiitia pamoja na soda kali katika ute wa yai, rangi inageuka zambarau. Ni jaribio la biureti, ambalo Mjerumani Emil Fischer alilitumia kupima kama minyororo aliyotengeneza ilifanana na proteini ya kweli.

Fischer alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1852 huko Euskirchen. Baba yake alimweka kwenye biashara ya mbao, kijana akashindwa kabisa, ndipo akaachwa asome. Mwaka 1875 aligundua fenilihidrazini. Dawa hiyo ilimfungulia siri za sukari, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Lakini mvuke wake ulimharibia afya kwa miaka mingi, jambo ambalo wafanyakazi wa viwanda vya Lualaba hawahitaji kuelezwa.

Proteini ni mnyororo wa asidi amino. Mwaka 1901, Fischer na Ernest Fourneau waliunganisha mbili za kwanza. Shida ilikuwa hii: kila asidi amino ina ncha mbili zinazoshika, kwa hiyo lazima moja ifunikwe kwanza, na vifuniko vya wakati ule vilikuwa vigumu kuondoa bila kuvunja mnyororo. Tena, kadiri mnyororo ulivyorefuka, ulikataa kuyeyuka.

Mwaka 1907 alifikia viungo 18: glisini 15 na leusini 3. Magazeti yakaanza kuota chakula cha maabara. Walikuwa na haraka mno, kwani proteini kuu ya ute wa yai ina viungo 385.

Mke wake, Agnes, alikufa mwaka 1895. Vita ya kwanza ya dunia ilipokwisha, wawili kati ya wana wake watatu walikuwa wamekufa. Yeye alifariki Berlin tarehe 15 Julai 1919, akiugua kansa.

Msaidizi wake wa zamani, Max Bergmann, akiwa na Leonidas Zervas, alipata mwaka 1932 kifuniko kinachotoka bila kuharibu mnyororo. Mwaka 1963, Mmarekani Bruce Merrifield alifunga mnyororo kwenye chembe za plastiki. Hata hivyo, minyororo mingine bado inashikana mabonge kazi ikiendelea. Beta-amiloidi, inayorundikana katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, ina viungo 40 au 42 tu, na bado inawatesa wakemia.