Alidina Visram: Maduka Yaliisha, Shule Ikabaki

Mzee yeyote wa hapa Kitale au Bungoma atakuambia kuhusu duka la Mhindi, pale walikonunua blanketi, chumvi, jembe na mafuta ya taa. Lakini ni wachache wanaomjua mfanyabiashara aliyetangulia kupanga maduka ya namna hiyo kutoka pwani mpaka Uganda. Jina lake ni Alidina Visram. Hakuwa mtu wa kanisa, alikuwa Mwislamu wa jamaa ya Ismailia. Lakini Bwana Yesu alipotaka kuwafundisha Wayahudi habari ya jirani, aliwapa mfano wa Msamaria. Kwa hivyo na sisi tutulie tusikie.

Alidina alizaliwa mwaka 1851 huko Kutch, magharibi mwa India. Mwaka 1863, akiwa na miaka 12 tu, alivuka bahari akaja Afrika Mashariki. Hebu fikiria mtoto wako wa gredi ya sita akienda nchi asiyoijua kutafuta maisha! Alifikia Bagamoyo, akafanya kazi kwa tajiri aliyeitwa Sewa Haji Paroo. Huyu ndiye aliyekuwa akitayarisha misafara ya kwenda bara. Nguo, shanga na waya za shaba ziliingia bara kwa mabega ya wapagazi, na pembe za ndovu zikarudi pwani kwa mabega yayo hayo. Ilikuwa biashara ngumu, na jasho kubwa lilikuwa la Mwafrika. Tusilisahau hilo tunaposifu utajiri wa siku zile.

Sewa Haji alikuwa na tabia moja ya pekee: alitoa. Alitoa pesa za kujenga hospitali Dar es Salaam. Alitoa jumba la shule Bagamoyo kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe, na hayo yalikuwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Alipofariki mwaka 1897, wosia wake ulielekeza mapato ya majumba na viwanja vyake yasaidie wagonjwa na wenye ukoma. Mpaka leo, ukienda hospitali ya Muhimbili, utakuta jengo lenye jina lake.

Huyo ndiye bosi ambaye Alidina alikua akimtazama.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Alidina alifuata reli. Mahali wafanyakazi walipopiga kambi, duka lake lilikuwa hapo. Akaingia Kampala, Entebbe na Jinja, akasogea mpaka upande wa Kongo. Matawi yake yakapita 30. Akawa na vyombo vya kubeba mizigo Ziwa Victoria, viwanda vya kuchambua pamba, kukamua mafuta na kutengeneza sabuni. Mahali ambapo benki haikuwepo, duka lake ndilo lilikuwa benki, na hata maofisa wa serikali walichukua pesa pale. Watu wakamwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Siri yake ilikuwa nini? Aliwaamini watu wadogo. Kijana aliyetoka India bila kitu alipewa mali kwa mkopo, akafungue kiduka mahali pa mbali, auze kwanza ndipo alipe. Wengi walianzia kwake wakaja kusimama wenyewe. Nyinyi mnaochukua bidhaa soko la Chwele mnajua uzito wa jambo hili. Mtu akikupa magunia kumi ya vitunguu bila kushika pesa yako, amekupa zaidi ya mali. Amekupa jina.

Naye pia alitoa. Alichangia ujenzi wa kanisa kuu la Namirembe kule Kampala, ingawa halikuwa la dini yake. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza alichangia Msalaba Mwekundu.

Mwaka 1916 alipata homa akiwa katika safari ya biashara Kongo, akafariki. Alikuwa na miaka kama 65. Biashara ikaingia mikononi mwa mwanawe, Abdulrasul.

Sasa hapa ndipo mimi niliyesomea biashara huwa nasimama. Miaka ya 1920 haikuisha kabla himaya yote haijasambaratika. Ni kweli baada ya vita bei za mazao zilianguka, na rupia ikaondolewa, shilingi ikaingia. Lakini wafanyabiashara wengine walipita kwenye dhoruba hiyo hiyo wakabaki wamesimama. Mimi naona kilichokosekana ni mtu wa pili. Kampuni yenye matawi zaidi ya 30 ilikuwa imeegemea mtu mmoja. Mtu huyo alipoondoka, paa likashuka. Mhubiri sura ya pili anaililia shida hii hii: unataabika, halafu unamwachia mwingine, na hujui ataishikaje.

Lakini kuna kitu kimoja hakikuanguka. Abdulrasul alitoa pesa ikajengwa shule Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake. Shule ya Upili ya Alidina Visram ilifunguliwa mwaka 1923. Wakati wa ukoloni ilikuwa ya watoto wa Kihindi, kwa sababu serikali iliwatenga watoto kwa rangi. Baada ya uhuru, watoto wa kila kabila la Kenya wameketi katika madarasa yale. Imepita miaka 100 na kengele bado inalia. Sabuni yake nani anaikumbuka? Meli zake ziko wapi? Kile kilichotolewa kwa watoto wa wengine ndicho kimebaki na jina lake.

Wapendwa, hili linatugusa. Hapa kwetu tumezoea kuzika mtu wa mali Jumamosi kwa heshima zote, halafu Jumatatu watoto wako kortini, mjane ametolewa kwenye shamba, na posho mill imefungwa kufuli. Si kwamba marehemu hakuombewa. Hakuandika, hakufundisha, hakutoa.

Kwa hivyo fanya mambo matatu mwaka huu. Kwanza, andika wosia ukiwa mzima. Kuandika wosia si kujiitia kifo. Hezekia aliambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake. Pili, mfundishe mtu wa pili. Awe mwanao au mfanyakazi, mwonyeshe daftari la madeni, mpe funguo ukiwa bado upo wa kumsahihisha. Tatu, toa kitu kwa mtoto asiye wako: karo ya muhula mmoja, dawati, au mtaji wa mkokoteni kwa kijana mwaminifu. Alidina alijifunza kutoa akiwa kazini kwa mtu mwingine, na mwanawe akajifunza kwake. Hata wewe unayeuza mboga kando ya barabara, watoto wako wanakutazama.

Tajiri wa Luka 12 alipanga ghala tu, hakupanga zaidi ya hapo. Usiku ule ule akaitwa. Bwana atusaidie kupanga mapema. Amina.