Bell, mutu wa telefone, na risasi yenye haikuonekana

Jina la Alexander Graham Bell linajulikana kwa sababu ya telefone. Lakini ile mashini yenye mafundi wanapitisha juu ya udongo mbele ya kuchimba, ili kujua tiyo ya maji ao kable ya umeme inapita wapi, nayo inatoka kwa sehemu kwenye mikono yake. Na mashini ya namna hiyo haikuanza kusikilika barabarani. Watu wengi waliisikia mara ya kwanza mu 1881, kwa sababu ilipelekwa kwenye kitanda cha rais mwenye alikuwa anakufa.

Bell alizaliwa tarehe 3 Machi 1847 huko Edinburgh, mu Scotland. Baba yake alikuwa mwalimu wa kusema vizuri. Mama yake alikuwa na masikio mazito, na kijana alizoea kuinama karibu na uso wake na kusema kwa sauti ya chini, ili mama asikie mutetemeko wa sauti kwenye mufupa. Ndugu zake wawili walikufa na kifua kikuu. Mu 1870 wazazi wakahama na huyu mumoja mwenye alibakia, wakaenda Canada. Mwaka wenye ulifuata alikuwa Boston, Marekani, anafundisha viziwi. Huko njo alipata bibi yake, Mabel Hubbard, mwenye homa ilimuzibisha masikio akiwa mutoto wa miaka mitano. Hati ya telefone ilitoka tarehe 7 Machi 1876, ndoa ikafungwa mu Julai 1877. Mabel hakusikia telefone ya bwana yake hata siku moja.

Telefone za kwanza zilikuwa na matata. Waya za telegrafu zenye kupita kando zilikuwa zinajaza kelele mu masikio. Umeme wenye kupigapiga mu waya moja unaamusha umeme mu waya ingine yenye iko karibu, hata kama hazigusane. Bell alitafuta dawa: akapanga mizunguko miwili ya waya mpaka kelele ya mumoja inazima kelele ya mwengine, na telefone inanyamaza. Hapo akaona neno moja: ukisogeza kipande cha metali karibu, ule ukimya unavunjika. David Hughes, huko London, naye alionyesha chombo cha namna hiyo mu 1879.

Tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield alipigwa risasi mbili kwenye gare ya treni, Washington. Moja ilimuchubua mukono. Ingine iliingia mugongoni na kubakia ndani. Radiografi haikukuwa bado. Wanganga walikuwa wanaingiza vidole mu kidonda, bila kunawa, wanatafuta.

Bell na mwenzake Sumner Tainter wakaacha kazi ingine yote. Walitengeneza mashini yao na mizunguko ya waya, betri, na telefone ya kutega sikio. Waliijaribu na risasi zenye kufichwa mu nyama, kisha juu ya askari wa zamani wenye walikuwa na risasi mu mwili tangu vita. Mashini ilisema kweli.

Tarehe 26 Julai waliipeleka kwa rais. Waya moja ilikuwa imeungwa vibaya, wakasikia tu kelele. Tarehe 1 Agosti walirudia. Safari hii sauti ilikuwa dogo na ilienea nafasi kubwa, kama vile risasi iko kila mahali. Kisha Bell akajua kwamba chini ya rais kulikuwa godoro yenye waya za chuma za kuzungushwa. Wengi wanatupia godoro kosa yote. Lakini kulikuwa neno kubwa zaidi. Munganga mukubwa, Willard Bliss, alikuwa amekwisha kusema risasi iko upande wa kuume, na upande huo tu njo Bell aliruhusiwa kutafuta.

Katikati ya Agosti hiyo, Mabel alizaa mutoto mwanaume, Edward, mbele ya wakati. Hakuweza kupumua vizuri, akakufa. Kisha Bell akatengeneza koti ya metali ya kusaidia mutu kupumua. Garfield alikufa tarehe 19 Septemba, na miaka 49. Walipopasua maiti, risasi ilikuwa upande wa kushoto.

Chombo cha Bell kiliendelea kusaidia wanganga mpaka radiografi ilikuja, kisha 1895. Yeye alikufa huko Canada tarehe 2 Agosti 1922. Siku ya maziko, telefone za Amerika ya Kaskazini zilinyamaza dakika moja.

Mashini ya kutafuta metali mu udongo ilipata hati mu 1937, kwa Gerhard Fisher, Mujerumani mwenye alihamia Marekani. Yeye naye alianzia kwenye kosa: radio za kuongoza ndege zilikuwa zinadanganyika karibu na nyumba zenye metali.

Kwa muji kama Lubumbashi, wenye ulianzishwa mu 1910 juu ya shaba, kazi hiyo si mchezo. Mutu mwenye kupiga kable yenye umeme na chuma ya kuchimbia anaweza kufia palepale. Mashini za leo zinaweza kusikiliza umeme wenyewe, wenye kupigapiga mara 50 kwa segonde. Lakini umeme ukikatwa mu kartie, na kable haina mzigo, hakuna cha kusikiliza. Udongo unaonekana kama hauna kitu, na kisha saa moja umeme unarudia. Hiyo njo sababu fundi mwenye akili anafunga kwanza chombo kingine kwenye tiyo ao kable, chenye kuingiza alama yake mwenyewe, kisha anaifuata hatua kwa hatua. Hata hapo, tiyo ya chuma yenye kulala kando ya kable inaweza kuiba alama hiyo na kumupeleka pembeni, sawa na godoro ya Washington.

Na tiyo ya plastiki haisikilike kabisa, isipokuwa wenye waliizika walikumbuka kulaza waya ya shaba kandokando yake.