Jamaa wa amani aliyetuachia rula ya kupima mawingu ya nyota

Stima ikipotea Fedha usiku wa Januari, usikae kwa nyumba ukilalamika. Panda juu ya gorofa uangalie angani. Utaona nyota tatu zimepanga laini moja, na karibu nazo kidoa chenye ukungu. Hicho si nyota. Ni wingu la gesi na vumbi katika kundi la Orion, na ndani yake nyota mpya zinazaliwa.

Sasa niambie, ukingo wa wingu kama hilo una urefu gani? Njia ya kujibu ilianzia kwa mtu ambaye hakuwa akiwaza nyota. Alikuwa akiwaza vita.

Lewis Fry Richardson alizaliwa Newcastle, Uingereza, mwaka 1881, kitinda mimba wa watoto saba. Kwao walikuwa waumini wa Friends, kanisa lile ambalo hapa kwetu lilianzia Kaimosi mwaka 1902. Hawa hawashiki bunduki. Kwa hivyo mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimechacha, aliacha kazi kwa idara ya hali ya hewa, akaenda Ufaransa kubeba majeruhi kwa ambulensi.

Huko vitani alikuwa akijaribu kutabiri hali ya hewa kwa hesabu, kwa mkono. Jibu likatoka kioja: presha ya hewa ingepanda milibari 145 kwa saa 6. Siku yenyewe, haikusonga karibu hata kidogo. Wewe ungeficha, sivyo? Yeye alilichapisha kosa lote kwenye kitabu chake cha 1922. Utabiri unaosoma leo kwa simu unafuata wazo hilo hilo, ila kompyuta ndizo zinapiga hesabu.

Alirudi kazini baada ya vita, lakini mwaka 1920 idara ikawekwa chini ya wizara ya ndege, zikiwemo za kivita. Akaondoka. Akaendelea kuchunguza jinsi hewa inavyovurugika, mizunguko mikubwa ikizaa midogo, nayo midogo zaidi. Kisha akagundua kwamba waliovutiwa sana na utafiti huo ni wataalamu wa gesi ya sumu. Hebu fikiria, kazi ya miaka yako. Aliiacha, na ile ambayo haikuwa imechapishwa akaiharibu.

Akageukia swali lingine: kwa nini nchi hupigana? Alitaka kujua kama urefu wa mpaka kati ya majirani unachangia, na hapo akakuta maajabu. Mpaka wa Uhispania na Ureno ulikuwa umeandikwa kilomita 987 mahali pamoja na 1,214 pengine. Hakuna aliyedanganya. Ukipima kwa rula ndefu, unaruka kona. Ukipima kwa fupi, unaingia kila kona na urefu unaongezeka. Hata pwani yetu, kutoka Vanga hadi Kiunga, kuna wanaoiandika kilomita 536 na kuna wanaosema 640.

Richardson alifariki Septemba 30, 1953. Makala yake kuhusu mipaka yalitoka mwaka 1961, yeye akiwa kaburini. Benoit Mandelbrot aliyasoma, na mwaka 1967 akaonyesha kwamba ukali wa kona hizo unaweza kupewa namba. Ukuta ulionyooka ni 1, karatasi iliyojazwa rangi yote ni 2. Pwani ya magharibi ya Uingereza ni kama 1.25. Mwaka 1975 akayapa maumbo haya jina fraktali.

Wanaastronomia nao wakajiunga. Wanachukua picha ya wingu la gesi, wanalinganisha ukubwa wa eneo lake na urefu wa ukingo wake, kuanzia vipande vidogo hadi vikubwa. Namba huangukia kati ya 1.2 na 1.5. Mawingu ya mvua yanayopita juu ya Embakasi hukaa humo humo, karibu 1.35. Ni dalili kwamba hata gesi ya angani inavurugika, mikubwa ikizaa midogo, kama ile hewa ambayo Richardson alikataa kuwauzia watu wa sumu.

Kesho jaribu mwenyewe. Fungua ramani ya Lamu kwa simu, pima ufuo kwa kijiti cha kiberiti, halafu kivunje katikati upime tena. Uone kama utapata jibu lile lile.