Dokta Still, Tabibu Aliyeziacha Chupa Akashika Mifupa

Mwanamke wa Mkongani, kule kando ya msitu wa Shimba, akishajifungua hahitaji kufunzwa na mtu kuwa nyonga ina taabu zake. Kwa desturi yetu ya pwani hukaa ndani siku arobaini, akandwe kwa maji ya moto, achuliwe kwa mafuta ya nazi, na tumbo lifungwe mkaja. Heshima ya kitambaa hicho ni kubwa hata kikaingia katika ada za ndoa, mama wa biarusi akapewa fedha za mkaja kuwa ni shukrani ya uchungu alioupata. Basi msomaji asistaajabu tukimletea leo habari za Mmarekani mmoja aliyeichukua kazi ya mkono, iliyo karibu sana na hiyo ya wakunga wetu, akaifanya kuwa elimu ya chuo.

Jina lake Andrew Taylor Still. Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1828 katika jimbo la Virginia, mwaka uleule ambao Seyyid Said bin Sultan alikuja Mombasa kupambana na Mazrui na kisha akaikanyaga Unguja kwa mara ya kwanza. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kikristo na papo hapo tabibu, akihama na aila yake kutoka jimbo hili hadi lile. Kijana alijifunza utabibu kwa kumfuata baba, kama ilivyokuwa desturi ya zama hizo.

Mwenyewe alisimulia kuwa alipokuwa mtoto wa miaka kama kumi aliumwa sana na kichwa. Akafunga kamba baina ya miti miwili, akaiteremsha karibu na ardhi, akatandika blanketi juu yake na kuilaza shingo yake hapo. Usingizi ukamchukua, na alipoamka kichwa kimepona. Hakujua kwa nini, lakini jambo hilo hakulisahau.

Aila yao ilihamia Kansas, ambako baba alihudumu miongoni mwa Wahindi Wekundu wa kabila la Shawnee. Huko ndiko Still alikofanya jambo ambalo sisi hatuwezi kulisifu: alifukua makaburi ya watu hao ili apate mifupa ya kusomea. Aliishika na kuigeuza mpaka akaijua kwa vidole bila ya kuitazama. Elimu aliipata, lakini maiti ana heshima yake, na wenye makaburi hawakuulizwa.

Kwa upande mwingine alikuwa mtu wa haki. Alipinga utumwa katika siku ambazo kuupinga huko Kansas kulikuwa ni kuitia roho hatarini, akaingia katika baraza la kutunga sheria la huko, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka akapigana upande wa serikali ya muungano.

Msiba uliomgeuza ulimfika mwaka 1864. Homa ya uti wa mgongo iliingia nyumbani mwake, na katika muda mfupi watoto watatu wakafariki, wawili wa kuwazaa na mmoja wa kumlea. Alikuwa amekwisha kumzika mke wake wa kwanza miaka mitano nyuma. Safari hii madaktari waliitwa, dawa zikatolewa, na yeye mwenyewe tabibu amekaa pale anatazama. Hakuna kilichofaa. Na tukumbuke dawa za siku hizo zilikuwa nini: zebaki ya kuharisha, afyuni, na pombe kali. Mara nyingi mgonjwa alikuwa na maradhi mawili, lile alilokuja nalo na lile la chupa.

Kwa miaka kumi alifikiri. Akaona kuwa Mungu hakuuumba mwili ukawa na upungufu, na kwamba maradhi huingia pale mfupa au msuli unapokaa vibaya ukabana mshipa, damu isipite sawasawa. Tarehe 22 Juni 1874 ndiyo siku aliyoitaja kuwa ya kuzaliwa kwa elimu yake, ambayo baadaye aliiita osteopathi, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya mfupa na maumivu. Alitaka kuieleza katika chuo cha Baker huko Kansas, chuo ambacho jamaa zake walisaidia kukianzisha. Wakamfungia mlango. Wapo waliosema ana wazimu.

Akahamia Kirksville, Missouri, akawa anazunguka mji kwa mji akiunga mifupa. (Hapa tuseme kweli: kazi yenyewe haikuwa ngeni duniani. Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu na mwaka 1013, alikuwa amekwisha andika juu ya kuunga mifupa iliyovunjika na kurudisha viungo vilivyoteguka.)

Nyonga nayo ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwili alizozitazama. Hii ni pete ya mifupa inayobeba uzito wa kiwiliwili, imeungwa nyuma na mbele kwa kano imara, na ndani yake mna kibofu, utumbo na kizazi. Mwanamke akishika mimba kano hulegea ili kumwandalia mtoto njia, na pengine maumivu hushika kinena, kiuno na makalio hata kugeuka kitandani ikawa shida. Tabibu wa osteopathi humsikiliza kwanza, humtazama anavyosimama na kutembea, kisha hupapasa misuli, hukunja na kunyoosha miguu taratibu, na hubonyeza palipokaza. Mkandaji wa Kwale akiona hayo atacheka, kwani mengi anayajua.

Lakini Still alikosea katika sababu. Leo inajulikana kuwa viungio vya nyonga husogea kidogo mno, na ile picha ya mfupa uliohama ukabana damu haisimami. Nafuu yaelekea kutoka katika kulegea kwa misuli na kutulia kwa mishipa ya fahamu. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa baadhi ya wanawake wenye mimba hupunguziwa maumivu ya kiuno na nyonga kwa njia hii, ingawa ushahidi si mzito wa kumaliza maneno.

Chuo chake kilifunguliwa Kirksville mwaka 1892, na tangu darasa la kwanza wanawake walipokelewa, jambo ambalo vyuo vingi vya udaktari vya wakati ule vililikataa. Wagonjwa walimiminika kwa magari ya moshi, wengine wamebebwa, na mji mdogo ukajaa nyumba za wageni. Mwandishi mashuhuri Mark Twain alikwenda mbele ya wabunge wa New York mwaka 1901 kuitetea elimu hiyo.

Ukaidi uliomwokoa ndio uliomponza. Kwa kuwa dawa za enzi yake zilikuwa sumu, alizichukia takriban zote, na chanjo pia akaipinga. Warithi wake hawakumfuata huko. Waliziingiza dawa katika masomo yao, na leo wahitimu wa vyuo hivyo Marekani ni madaktari kamili, huandika dawa na kupasua. Uingereza wenye kazi hiyo si madaktari, ila wana sheria yao ya tangu 1993. Kwani yapo maumivu ya nyonga ambayo mkono hauyawezi. Mimba iliyotunga nje ya kizazi, usaha, uvimbe wa kizazi, hayo hayakandwi, na mwenye homa, kutokwa damu au maumivu ya ghafla ni wa kupelekwa hospitali ya Kwale au Msambweni siku hiyohiyo, mafuta ya nazi yabaki chupani.

Still alifariki Kirksville tarehe 12 Desemba 1917, mwaka ambao mwanafunzi wake John Martin Littlejohn alianzisha chuo cha osteopathi London. Kile kibanda cha magogo alichozaliwa kilikuja kuhamishwa kutoka Virginia, na sasa kimo katika makumbusho ya chuo chake, pamoja na vitu vyake na mifupa ya kufundishia.